Mishipa ya Damu Nyuma ya Retina: Namna Inavyopigwa Picha na Kupimwa

1. Tabaka na jina lake

Ukuta wa jicho la binadamu una matabaka matatu. La nje ni sklera, ganda jeupe na gumu ambalo kila mtu huliona kandokando ya mboni. La ndani ni retina, utando mwembamba unaopokea mwanga na kuugeuza kuwa ishara za neva. Kati ya mawili hayo limelala tabaka la tatu, lenye wekundu uliokoza, ambalo watu wengi, hata waliosoma, hawajapata kulisikia: koroidi. Chini ya fovea, yaani kile kishimo kidogo cha katikati ya retina ambapo jicho huona kwa udhahiri zaidi, unene wa koroidi ni baina ya robo na theluthi ya milimita. Ni kama karatasi tatu za daftari zilizowekwa pamoja. Hata hivyo, katika unene huo mdogo hupita sehemu kubwa ya damu yote inayoingia jichoni, sehemu inayokadiriwa kufikia asilimia 80 au zaidi.

Jina lenyewe lina historia yake. Wayunani wa kale waliopasua macho ya wanyama walilifananisha tabaka hili na khorion, ule utando wenye mishipa mingi unaomzunguka mtoto tumboni mwa mamaye. Waarabu walipofasiri elimu ya Wayunani hawakulichukua neno, bali walichukua mfano: kutokana na mashima, yaani kondo la nyuma, walilipa tabaka hilo jina la mashimiyya. Lugha za Ulaya, Kifaransa kikiwamo, zilibaki na neno la Kiyunani. Kiswahili kingeweza kufuata njia yoyote kati ya hizo mbili. Mkunga yeyote angeuelewa mara moja mfano wa kondo; lakini mgonjwa wa kiume atakayeambiwa kuwa kondo la jicho lake limevimba angekuwa na haki ya kushangaa. Kwa hiyo makala haya yanatumia neno koroidi.

Mishipa ya koroidi imepangwa kwa ngazi. Damu huingia kwa ateri fupi zinazotoboa sklera upande wa nyuma, kuizunguka neva ya jicho. Karibu na sklera imelala mishipa mikubwa, na eneo lake huitwa tabaka la Haller. Juu yake kuna mishipa ya kadiri, katika tabaka la Sattler. Na juu kabisa, ikigusana karibu na retina, imetandazwa safu moja ya kapilari pana zenye matundu madogomadogo. Safu hiyo ndiyo inayolisha seli zipokeazo mwanga. Fovea haina mishipa yake yenyewe, kwa kuwa mishipa ingeuzuia mwanga. Chakula chake chote na oksijeni yake hutoka chini, katika koroidi. Ndiyo maana ugonjwa wa koroidi, hata usipouma, humwondolea mtu uwezo wa kusoma na kutambua nyuso. Damu ikishatumika hukusanywa na vena kubwa, kwa kawaida 4 au zaidi kidogo, zinazotoka kwenye jicho mbali na mahali ateri zilipoingilia.

2. Pazia jeusi

Tangu Hermann von Helmholtz alipotangaza ofthalmoskopi mwaka 1851, madaktari waliweza kuitazama mishipa ya retina katika mtu aliye hai, ikipita wazi kama mito juu ya ramani. Mishipa ya koroidi haikuonekana hivyo. Kati yake na jicho la mtazamaji kuna safu ya seli zenye melanini, rangi ileile inayoifanya ngozi kuwa nyeusi. Safu hiyo ina kazi ya kunyonya mwanga uliozidi ili picha isichafuke; ni kama rangi nyeusi inayopakwa ndani ya kamera. Kwa mgonjwa ni neema, kwa daktari ni pazia. Isitoshe, koroidi yenyewe ina seli nyingine za melanini kati ya mishipa yake, hasa kwa watu weusi.

Pazia hilo lilipata kuinuliwa na ugonjwa kabla ya kupenywa na mitambo, na mojawapo ya mahali jambo hilo lilipoonekana ni Kongo. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 daktari Mbelgiji Jean Hissette, aliyekuwa akifanya kazi Kasai, alikuta katika vijiji vya eneo la mto Sankuru watu wengi vipofu, akaonyesha kuwa upofu wao ulitokana na onkosekasisi, ugonjwa wa minyoo unaoenezwa na inzi weusi wa mitoni. Maelezo yake yalichapishwa mwaka 1932. Hakuishia kwenye makovu ya sehemu ya mbele ya jicho, ambayo ni rahisi kuyaona. Alieleza pia uharibifu wa nyuma. Mwaka 1945 Mwingereza Harold Ridley, ambaye baadaye alipata sifa kwa kuwa wa kwanza kupandikiza lenzi ndani ya jicho, alieleza uharibifu huohuo kwa wagonjwa wa Gold Coast, nchi ambayo sasa ni Ghana. Hadi leo vitabu vya tiba huyaunganisha majina ya wawili hao vinapoutaja.

Kilichoonekana ni hiki: seli zenye melanini zilikuwa zimekufa, kapilari zilizo chini yake zimetoweka, na mishipa mikubwa ya koroidi imebaki uchi, mara nyingine ikiwa imegeuka kuwa mistari myeupe. Tabaka ambalo kwa mtu mzima wa afya hufichika, kwa kipofu wa Sankuru lilisomeka. Lakini mishipa inayosomeka kwa njia hiyo ni mabaki tu. Haielezi namna damu inavyopita katika koroidi inayofanya kazi.

3. Rangi mbili

Njia ya kwanza ya kuufuata mwendo wa damu katika jicho zima ilikuwa kuitia rangi. Mwaka 1961 Harold Novotny na David Alvis walichapisha huko Marekani namna ya kudunga fluoresini katika mshipa wa mkono na kupiga picha za jicho mfululizo. Fluoresini hupokea mwanga wa buluu na kutoa mwanga wa kijani-manjano. Kwa mishipa ya retina matokeo yalikuwa mazuri ajabu. Kwa koroidi yalikuwa duni, kwa sababu mbili. Kwanza, mwanga wa buluu hunyonywa sana na melanini. Pili, sehemu ya fluoresini haishikamani na protini za damu, kwa hiyo hupenya matundu ya kapilari za koroidi na kuenea nje yake. Baada ya sekunde chache koroidi nzima hung'aa kama ukungu, na mishipa iliyo chini haibainiki tena.

Rangi ya pili ni kijani cha indosianini. Hii hushikamana na protini karibu yote, asilimia 98 hivi, kwa hiyo hukawia ndani ya mishipa. Na mwanga unaoiamsha ni ule ulio karibu na nanometa 800, mwanga ambao macho hayauoni na ambao melanini huuzuia kidogo tu. Robert Flower aliitumia kwa koroidi tangu miaka ya 1970, lakini filamu za wakati ule hazikuweza kunasa mng'ao wake dhaifu ipasavyo. Ilipasa kungoja kamera za kielektroniki, na mnamo miaka ya 1990 njia hii ikaingia hospitalini. Kwa mara ya kwanza daktari aliona vena za koroidi zikijaa, akaona ni ipi iliyopanuka na ni wapi ukuta wake unavuja.

Hata hivyo picha hizo zina upungufu wa asili. Ni bapa. Mishipa yote, ya juu na ya chini, hulala juu ya karatasi moja, kama mtu anayetazama msitu kutoka kwenye ndege: huona majani ya juu na njia pana, lakini hawezi kusema mti una urefu gani.

4. Mwangwi wa mwanga

Kipimo cha kina kilikuja kwa njia nyingine. Katika ekografia, ambayo wanawake wajawazito wengi wanaifahamu, sauti hupelekwa mwilini na mashine hupima muda wa mwangwi wake kurudi. Mwanga nao hurudi, ila una kasi kubwa mno hata hakuna saa inayoweza kuupima moja kwa moja. Tomografia ya mwanga, inayojulikana duniani kwa herufi OCT, hulikwepa tatizo hilo: mwanga hugawanywa mara mbili, nusu ikapelekwa jichoni na nusu kwenye kioo, kisha mawimbi yanayorudi hukutanishwa. Yanapoimarishana au kufutana, mashine hujua mwanga umetoka kina gani. David Huang, James Fujimoto na wenzao waliitangaza njia hiyo mwaka 1991. Leo mashine za kawaida hutenganisha vitu vilivyoachana kwa mikrometa 5 hadi 7 tu, yaani chini ya upana wa chembe moja nyekundu ya damu au karibu sawa nao.

Koroidi hata hivyo iliendelea kubaki gizani. Mashine zilitengenezwa kwa ajili ya retina. Ishara ilipungua nguvu kadiri kina kilivyoongezeka, na melanini ilikula sehemu iliyobaki. Ufumbuzi wa mwaka 2008, wa Richard Spaide na wenzake wa New York, haukuhitaji mashine mpya. Waliisogeza mashine karibu zaidi na jicho hadi picha ikapinduka juu chini. Kwa kufanya hivyo, sehemu yenye usikivu mkubwa, ambayo zamani iliangukia mbele ya retina, sasa iliangukia kwenye sklera. Kisha walichanganya picha nyingi za mahali pamoja ili kupunguza chengachenga. Mpaka wa chini wa koroidi ukaonekana. Ni nadra katika tiba ya siku hizi kwa hatua kubwa kupatikana kwa gharama ndogo kiasi hicho. Baadaye zilikuja mashine zinazotumia mwanga wa nanometa 1,050 hivi, unaopenya kwa urahisi zaidi, na ambazo usikivu wake haupungui sana kwa kina.

Katika picha hizi, uwazi wa ndani ya mishipa ya koroidi huonekana mweusi, na nyama iliyo kati ya mishipa huonekana nyeupe au ya kijivu. Tofauti hiyo ndiyo msingi wa vipimo vyote vinavyofuata.

5. Namba na wasiwasi wake

Kipimo cha kwanza kilichoenea ni unene. Mtaalamu huchora mstari kutoka chini ya seli zenye melanini hadi mwanzo wa sklera. Mwaka 2009 Spaide na mwenzake Ron Margolis walitoa wastani wa mikrometa 287 chini ya fovea kwa macho yasiyo na ugonjwa, na wakaonyesha kuwa unene hupungua kwa karibu mikrometa 16 kwa kila miaka 10 ya umri. Asiyeona mbali, ambaye jicho lake ni refu kuliko kawaida, huwa na koroidi nyembamba zaidi. Kwa hiyo mikrometa 200 kwa mzee wa miaka 75 si jambo la kutisha. Kwa kijana mwenye jicho la kawaida ni jambo la kuulizia.

Lakini koroidi si ubao. Ni kama sifongo iliyojaa damu, na damu haitulii. Katika mtu mmojammoja unene hubadilika kwa saa za siku: huwa mkubwa zaidi usiku na alfajiri, na hupungua kuelekea jioni, kwa tofauti inayofikia mikrometa 30 na zaidi. Shinikizo la damu huugusa. Hata kahawa imeonekana kuupunguza kwa saa kadhaa. Mgonjwa aliyepimwa saa 2 asubuhi kabla ya chai, kisha akapimwa tena saa 10 jioni, anaweza kuonekana amepata nafuu ilhali hakuna kilichobadilika isipokuwa saa. Taarifa ya kipimo isiyotaja saa ina upungufu huo, hata ikiwa na namba zenye desimali mbili.

Zaidi ya hayo, unene hausemi kilichouongeza. Sifongo hunenepa kwa kujaa maji, na hunenepa pia kwa kujaa matope. Ndipo ilipofikiriwa kupima mishipa yenyewe. Mtambo wa hesabu huipitia picha na kuamua, kwa kila nukta, kama ni nyeusi au nyeupe, ukiilinganisha nukta hiyo na zile zinazoizunguka. Nyeusi huhesabiwa kuwa uwazi wa mishipa, nyeupe kuwa nyama ya kati. Uwiano wa eneo jeusi na eneo lote la koroidi huitwa kigezo cha mishipa ya koroidi. Rupesh Agrawal na wenzake walikitumia mwaka 2016 kwa macho mazima ya watu wa Singapore, wakapata wastani wa karibu asilimia 66: yaani thuluthi mbili za koroidi ni njia za damu. Ubora wa kigezo hiki ni kuwa hakitikiswi sana na umri wala urefu wa jicho kama unavyotikiswa unene.

Udhaifu wake uko mahali pale penye nguvu yake. Mtambo ulioamriwa kugawa nukta utagawa tu. Hata picha yenye giza kwa sababu ya mtoto wa jicho itapewa nyeusi zake na nyeupe zake. Mshipa wa retina ukipita juu, kivuli chake huanguka hadi kwenye koroidi na kuhesabiwa kuwa mshipa. Mahali mwanga unapochoka kabla ya kufika sklera, kila kitu ni cheusi. Pia kuna suala la watu waliopimwa. Vipimo vya mwanzo vilivyofanywa kuwa mizani vilitoka New York, Japani na Singapore. Kiasi cha melanini kati ya mishipa hubadilisha weupe wa ile nyama inayolinganishwa na uwazi, kwa hiyo kumlinganisha mkazi wa Lubumbashi au Kisangani na asilimia 66 ya Singapore ni kukopa mizani kabla ya kuuliza imepimwa kwa mawe gani.

Ugumu mwingine hutokea mtu anapotaka kupima upana wa mshipa mmoja. Baadhi ya watafiti huuhesabu kuwa wa tabaka la Haller mshipa unaofikia mikrometa 100. Lakini anayekata ndizi kwa mshazari hupata duara refu kuliko unene wa ndizi. Vivyo hivyo picha inayoukata mshipa kiupande huupa upana usio wake. Dawa yake ni kupiga picha mamia zinazofuatana na kuujenga mshipa mzima katika pande zake tatu. Na hata hapo, vipimo vya kwenda kando hutegemea urefu wa jicho: katika jicho refu, kitu chenye ukubwa uleule huonekana kidogo mno iwapo mashine imedhani jicho ni la kawaida. Kina hakina tatizo hilo, na ndiyo sababu unene ulitangulia kuaminiwa kuliko upana.

Kuhusu kapilari za juu, mashine mpya zaidi hupiga picha ya mahali palepale mara kadhaa na kutafuta kilichobadilika. Kinachobadilika ni damu inayokwenda. Njia hiyo haihitaji sindano wala rangi. Huhesabu mapengo ya mtiririko, kwani kapilari mojamoja ni nyembamba na zimesongamana mno kutenganishwa na mashine ya kawaida ya hospitali. Kwa mishipa mikubwa ya chini haijafua dafu.

6. Unene mmoja, maradhi mawili

Umuhimu wa mambo haya hudhihirika pale wagonjwa wawili wanapoketi foleni moja wakiwa na malalamiko yaleyale. Kila mmoja anasema katikati ya anachokitazama kuna doa la kijivu na mistari iliyonyooka inaonekana kupinda. Kila mmoja ana maji yaliyojikusanya chini ya retina. Kila mmoja, akipimwa, ana koroidi inayopita mikrometa 500, karibu mara mbili ya kawaida.

Wa kwanza ana ugonjwa unaoitwa korioretinopathia ya maji ya kati. Huwapata zaidi wanaume wa makamo, mara nyingi ukianzia jicho moja. Mwaka 2009 kundi la Yutaka Imamura lilipata kwa wagonjwa wa aina hiyo wastani wa mikrometa 505. Unene wao hutokana na vena za tabaka la Haller zilizopanuka na kuvuja: katika picha ya kina huonekana kama mashimo makubwa meusi yanayozikandamiza kapilari zilizo juu, na katika picha ya kijani cha indosianini rangi huonekana ikitoroka kutoka mishipani. Dawa za jamii ya kotizoni ni miongoni mwa visababishi vinavyojulikana vyema, ziwe zimemezwa, zimedungwa au hata zimepakwa. Mgonjwa huyu huambiwa aziache, kwa usimamizi wa daktari aliyempa, na mara nyingi maji hukauka yenyewe katika miezi 3 au 4.

Wa pili ana ugonjwa wa Vogt, Koyanagi na Harada, ambamo kinga ya mwili hushambulia seli zenye melanini. Macho yote mawili huguswa. Huenda aliumwa kichwa na kusikia mvumo masikioni siku chache kabla, na miezi baadaye kope zake zinaweza kugeuka nyeupe. Koroidi yake imenenepa kwa kujaa seli za uvimbe, wala si kwa kupanuka kwa vena: katika picha, mipaka ya mishipa imefifia na mashimo meusi hayabainiki. Huyu anahitaji kotizoni, kwa kipimo kikubwa na bila kukawia. Akicheleweshwa, melanini ya koroidi huisha, sehemu ya nyuma ya jicho hubaki na wekundu ambao madaktari wameufananisha na jua linapokuchwa, na uoni uliopotea mara nyingi haurudi.

Namba ya unene peke yake haiwatenganishi wawili hao, na dawa inayomwokoa mmoja humdhuru mwenzake. Kinachowatenganisha ni hali ya mishipa ndani ya unene huo, pamoja na masimulizi ya mgonjwa na uchunguzi wa jicho la pili, ambavyo havihitaji mashine ya bei kubwa. Tiba ikishaanza, unene hupata kazi yake halisi: kwa mgonjwa wa pili koroidi hupungua katika siku na majuma ya kwanza ya dawa, na dawa ikipunguzwa haraka mno inaweza kuanza kunenepa tena kabla mgonjwa mwenyewe hajahisi lolote. Ili mabadiliko hayo yasomeke, jicho lilelile hupimwa mahali palepale, kwa mashine ileile na saa ileile ya siku, na saa hiyo huandikwa kwenye karatasi ya mgonjwa.